Mtego wa Panya: Udhibiti wa Serikali na Maandishi ya Ushirika Katika Intaneti

Utangulizi

Udhibiti wa maandishi si jambo geni duniani. Tangu zama za kale watawala wamekuwa wakichoma vitabu, wakiwafukuza watunzi na kuwafunga wachapaji. Kwa sababu hiyo, neno udhibiti linapotajwa, aghalabu fikira za wasomaji humwelekea mtu mmoja, yaani mwandishi aliyezibwa kinywa. Hudhaniwa kwamba hasara yote ni yake yeye pamoja na wale walionyimwa kuisoma kazi yake, na kwamba mwandishi mwingine aliye katika nchi ya mbali, ambaye hakukatazwa lolote, huendelea na shughuli zake kama kawaida.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo haitoshi panapohusika maandishi ya aina mpya yaliyozuka pamoja na intaneti, yaani maandishi yanayotungwa kwa ushirika na watu wengi wasiolipwa na wasiojuana kwa sura. Katika maandishi ya namna hiyo, amri ya serikali moja huweza kuwanyamazisha hata watu ambao serikali hiyo haina mamlaka yoyote juu yao. Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Methali hiyo yaeleza sawasawa jambo lililowapata waandishi wa Kichina mwaka 2005. Kisa hicho ndicho kitakachochunguzwa kwanza. Baadaye kitalinganishwa na visa vya Uturuki, Ufaransa na Kenya, na mwisho itaangaliwa maana yake kwa lugha ya Kiswahili.

Kazi ya Ushirika na Ujira Wake

Kazi ya ushirika isiyo na mshahara inajulikana vyema katika Afrika Mashariki. Wakamba huiita mwethya, Wagikuyu huiita ngwatio, na katika Kenya huru neno harambee lilibeba maana iyo hiyo kwa taifa zima. Anayekwenda kulima shamba la jirani hapewi fedha, lakini si kweli kwamba halipwi. Hupata chakula, hupata mazungumzo na nyimbo, huonekana na wenzake kuwa mtu wa watu, na hujua kwamba siku yake itakapofika majembe yale yale yatakuja kwake. Waondoe wenzake, umwachie shamba lile lile peke yake, na huenda asije kabisa, ingawa udongo ni ule ule na jua ni lile lile.

Ensaiklopidia iitwayo Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, ilijengwa juu ya msingi huo. Mtu yeyote aliye na intaneti huweza kuanzisha ukurasa, kusahihisha wa mwenzake, au kuongeza sentensi moja tu. Nyuma ya kila ukurasa upo ukurasa wa pili wa majadiliano, ambapo wahariri hubishana juu ya tarehe, tahajia na ushahidi. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na saa lilipofanywa, hata kosa likaweza kufutwa na lililofutwa likaweza kurudishwa. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mmoja ajua historia ya mji, mwingine ajua sarufi, wa tatu ana picha. Mwandishi wa kazi hii hapati hata senti moja. Ujira wake ni kuona kwamba alichoandika kimesomwa, kimebishiwa, kimesahihishwa na kutumiwa.

Jambo hili ni la kukumbukwa katika yote yatakayofuata. Katika kitabu cha kawaida, msomaji huja baada ya mwandishi kumaliza. Katika maandishi ya ushirika, msomaji wa asubuhi ndiye mwandishi wa jioni. Kwa hivyo anayemzuia msomaji amezuia pia mkono ambao ungaliandika.

Kisa cha Uchina

Toleo la Kichina la Wikipedia lilianza kupata makala yake ya kwanza Oktoba 2002. Waandishi wake walitoka pande mbalimbali: Uchina bara, Taiwan, Hong Kong, Singapore, Malaysia, na miongoni mwa Wachina waishio Marekani na Ulaya. Serikali ya Uchina iliufunga mlango kwa mara ya kwanza Juni 2004, siku zilipokuwa zikitimia miaka 15 tangu mauaji ya Uwanja wa Tiananmen ya 1989. Mlango ukafunguliwa kabla mwezi huo haujaisha. Ukafungwa tena kwa siku chache Septemba 2004. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 19 Oktoba 2005, na safari hii kufungwa kulidumu karibu mwaka mzima.

Namna ya kufunga yafaa ielezwe kwa ufupi. Njia za intaneti ziingiazo Uchina hupitia malango machache yaliyo chini ya uangalizi wa serikali. Mitambo iliyowekwa malangoni huchungua anwani inayotafutwa na, pale inapowezekana, maneno yaliyomo. Kikionekana kilichokatazwa, mawasiliano hukatwa. Mtu aliye Beijing haoni tangazo lolote la kumkataza. Huona tu kwamba ukurasa haufunguki, na huenda akadhani kwamba chombo chake ndicho kibovu. Udhibiti wa namna hii hauna sura wala saini, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuulalamikia.

Wataalamu wawili wa uchumi, Xiaoquan Zhang na Feng Zhu, walitambua kwamba tukio la Oktoba 2005 lilikuwa kama jaribio ambalo hakuna mtafiti angaliweza kulipanga mwenyewe. Kwa siku moja, kundi la waandishi na wasomaji lilipunguzwa ghafula, na kupunguzwa huko hakukutokana na jambo lolote lililofanywa na wale waliobaki. Wataalamu hao hawakushughulika na waliofungiwa, kwani kunyamaza kwao hakukuhitaji kuelezwa. Waliwachunguza waliobaki nje ya ukuta, ambao mlango wao ulikuwa wazi kama jana na juzi. Matokeo yalichapishwa 2011 katika jarida la American Economic Review.

Kabla ya kuyataja matokeo hayo, inafaa msomaji ajiulize yeye mwenyewe angalitazamia nini. Nadharia ya zamani ya wanauchumi husema kwamba, katika kazi ya manufaa ya wote, kila mtu hupenda kumtegea mwenzake. Kundi likiwa kubwa, kila mmoja hulegea, akiamini kwamba wengine watafanya. Kwa kufuata nadharia hiyo, kundi lilipopungua waliobaki wangalipaswa kuongeza juhudi, maana kazi ilikuwa bado nyingi na watu wa kuifanya walikuwa wachache. Kadhalika mtu angaliweza kudhani kwamba hasira dhidi ya udhibiti ingaliwasukuma waandike zaidi.

Kilichotokea kilikuwa kinyume. Michango ya waandishi ambao hawakufungiwa ilipungua kwa asilimia 42.8 kwa wastani. Watu walioketi Taipei au Singapore, ambao hakuna askari aliyebisha hodi kwao wala waya uliokatwa, waliandika kwa kiasi kilichokaribia nusu tu ya walivyokuwa wakiandika. Aidha, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa wale waliothamini mno uhusiano na wenzao, yaani wale waliozoea kujadiliana katika kurasa za majadiliano. Aliyekuwa mtu wa watu ndiye aliyeumia zaidi.

Maelezo ya jambo hili hayako mbali na shamba la mwethya. Ujira wa mwandishi wa kujitolea ni kusomwa na kujibiwa, na soko la wasomaji wa Kichina lilikuwa Uchina bara, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya bilioni moja. Soko lilipofungwa, ujira ulipungua. Na ujira ulipopungua, kazi nayo ikapungua. Udhibiti haukuhitaji kuvigusa vinywa vya watu wa Taipei. Ulitosha kuyaziba masikio ya watu wa Shanghai.

Ukuta Juu ya Ukuta

Yaweza kusemwa kwamba ukuta wa serikali una matundu, na kwamba mtu mjanja huweza kupenya. Ni kweli kwamba zipo programu zimwezeshazo mtu aliye Uchina kupitisha mawasiliano yake kwa siri katika mtambo wa nchi nyingine, akaonekana kana kwamba yuko huko. Lakini hapa ndipo inapoonekana tofauti kati ya kusoma na kushiriki. Njia hizo hizo hutumiwa pia na waharibifu wanaotaka kuficha nyayo zao, na kwa hivyo Wikipedia yenyewe huzizuia zisitumiwe kuhariri, isipokuwa kwa mwandishi aliyeomba ruhusa maalumu na kukubaliwa. Aliyeruka ukuta wa kwanza kwa taabu hukuta wa pili, uliojengwa na wenzake kwa nia njema. Mwandishi mzoefu huweza kuomba ruhusa. Mgeni, ambaye labda alitaka kusahihisha jina la kijiji chake tu, hukata tamaa akaenda zake.

Isitoshe, nafasi iliyoachwa haikai tupu. Aprili 2006, wakati Wikipedia ya Kichina ilipokuwa ingali imefungiwa, kampuni ya Baidu ilianzisha ensaiklopidia yake iitwayo Baidu Baike, ambayo nayo huandikwa na watu wa kawaida. Huko, kila badiliko hupitiwa na wakaguzi kabla ya kuonekana, na yaliyokatazwa na serikali hayaandikwi. Vijana wengi wa Uchina waliokuwa tayari kujitolea walijitolea huko. Udhibiti, basi, haukuiua roho ya kujitolea bali uliielekeza kwingine. Wikipedia ilipofunguliwa tena, wengi walikuwa wamekwisha kuzoea baraza jingine.

Hatimaye mlango ulifungwa kwa kishindo zaidi. Zamani mdhibiti aliweza kuzuia ukurasa mmoja na kuuacha mwingine, kwa kuwa aliweza kuona ni upi unaosomwa. Mwaka 2015 Wikipedia iliyaweka mawasiliano yake yote katika lugha ya mafumbo, hata aliye njiani asiweze kujua ni ukurasa gani unaotazamwa. Tangu hapo serikali zilibakiwa na njia mbili tu: kuruhusu yote au kuzuia yote. Mnamo Agosti 2015 wakuu wa mawasiliano wa Urusi waliagiza Wikipedia izuiwe kwa sababu ya ukurasa mmoja uliohusu aina ya bangi, na amri hiyo ikaondolewa kabla ya siku kupita, kwa kuwa gharama ya kuzuia yote kwa ajili ya kimoja ilionekana waziwazi. Uchina haikusita. Toleo la Kichina lilizuiwa kabisa tangu Mei 2015, na kuanzia Aprili 2019 matoleo ya lugha zote yakazuiwa.

Herufi na Misamiati

Kwa wanafunzi wa lugha, kisa cha Uchina kina upande mwingine usiotajwa mara nyingi. Kichina kilichoandikwa kina sura mbili. Uchina bara na Singapore hutumia herufi zilizorahisishwa. Taiwan na Hong Kong hutumia herufi za jadi. Tena misamiati hutofautiana: teksi huitwa chuzuche Uchina bara, jichengche Taiwan, na katika Hong Kong na Singapore hutumiwa maneno mengine yaliyotoholewa kutoka Kiingereza. Hapo mwanzo tofauti hizo zilitishia kuigawa ensaiklopidia mara mbili. Badala ya kugawanyika, watu wa kujitolea walitengeneza programu ambayo, tangu yapata 2005, humwonyesha kila msomaji ukurasa ule ule kwa herufi na maneno ya kwao. Mtu wa Taipei aliweza kusahihisha sentensi ya mtu wa Shanghai, na kila mmoja akaisoma kama iliyoandikwa nyumbani.

Kazi hiyo ni mfano bora wa usanifishaji usiomnyima mtu lahaja yake. Lakini programu huhitaji orodha za maneno, na orodha huhitaji watu wa pande zote waseme, "Sisi hatusemi hivyo, twasema hivi." Upande mmoja ukifungiwa, mizani huelemea upande wa pili. Leo sehemu kubwa ya wahariri wa toleo la Kichina ni watu wa Taiwan na Hong Kong. Hapana kosa lolote kwao katika hilo, lakini ensaiklopidia iliyokusudiwa kuwa ya Wachina wote imepungukiwa na sauti ya walio wengi.

Tena kutengana kwa muda mrefu huzaa shaka. Septemba 2021 shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, liliwafungia wahariri saba wa Uchina bara na kuwaondolea wengine kumi na wawili mamlaka ya usimamizi, likieleza hofu kwamba usalama wa wahariri wengine na habari zao za siri ulikuwa hatarini. Wahusika walilalamika kwamba wameonewa. Vyovyote iwavyo, hicho ni kipimo cha madhara: watu waliowahi kubishana juu ya tahajia sasa waliogopa kujulikana majina.

Uturuki, Ufaransa na Kenya

Uturuki iliizuia Wikipedia katika lugha zote tarehe 29 Aprili 2017, kwa sababu ya kurasa zilizoihusisha serikali hiyo na makundi ya wapiganaji nchini Syria. Wikipedia ilikataa kuzifuta. Shauri lilifika Mahakama ya Katiba, ambayo tarehe 26 Desemba 2019 iliamua, kwa kura 10 dhidi ya 6, kwamba uhuru wa kujieleza ulikuwa umevunjwa, na tarehe 15 Januari 2020 mlango ukafunguliwa. Wasemaji wengi wa Kituruki wako katika nchi hiyo moja, na hivyo kufungwa kwake kulikuwa karibu sawa na kuifunga lugha yenyewe. Hata hivyo, udhibiti huo ulikuwa na sura na saini. Palikuwa na sheria iliyotajwa, amri iliyoandikwa na mahakama ya kuiendea. Waliongoja walijua walichokuwa wakikingoja.

Nchi zenye sifa ya uhuru nazo hazikosi visa. Mwaka 2013 idara ya ujasusi ya Ufaransa ilimlazimisha mhariri mmoja wa kujitolea afute ukurasa uliohusu kituo cha redio cha jeshi mahali paitwapo Pierre-sur-Haute. Aliufuta, akawaeleza wenzake sababu, na mwenzake aliyekuwa Uswisi akaurudisha. Katika siku chache ukurasa huo, ambao kabla ya hapo ulisomwa na wachache mno, uliongoza kwa kusomwa katika toleo lote la Kifaransa. Hapa palizibwa kinywa kimoja, nayo masikio yakaachwa wazi.

Kisa cha Kenya ni kikubwa zaidi. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa na ghasia kuanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia hizo ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Haifai kusahau kwamba marufuku hiyo haikukosa hoja, kwani baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji vilishutumiwa baadaye kwa kuchochea chuki. Lakini wananchi nao walitaka kujua barabara ipi ilikuwa salama na ndugu zao walikuwa katika hali gani. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari za siasa katika intaneti, alianza kupokea taarifa za wasomaji wake, na mwanzoni mwa Januari 2008 akapendekeza itengenezwe ramani ya kuonyesha mahali palipotokea mashambulizi. Mafundi wa kujitolea, wakiwamo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waliiunda kwa siku chache. Mwananchi aliweza kutuma habari kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu. Chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili, Ushahidi. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, chombo kile kile kilitumiwa kukusanya vilio vya waliofukiwa, na Wahaiti waliokuwa ng'ambo wakajitolea kuufasiri ujumbe ulioandikwa kwa Krioli.

Kwa juu juu, Ushahidi unaonekana kukanusha yaliyosemwa juu ya Uchina, kwani hapa udhibiti ulizaa ushirikiano badala ya kuuvunja. Lakini ukichunguza utaona kwamba kanuni ni ile ile moja. Serikali ya Kenya ilivifunga vinywa vikubwa, yaani redio na televisheni, lakini simu na intaneti zikabaki wazi. Aliyetuma habari alijua kwamba itasomwa papo hapo na watu wanaoihitaji. Ujira wake ulikuwapo, tena uliongezeka, kwa kuwa habari zilikuwa adimu. Katika Uchina ya 2005 mwandishi aliachwa na kinywa bila masikio. Katika Kenya ya 2008 masikio yaliachwa yakitafuta kinywa. Kilichoamua iwapo watu watajitolea au wataacha si ukali wa amri peke yake, bali ni kama amri hiyo ilimtenga mwandishi na msomaji wake.

Iko namna moja ya udhibiti inayopita zote, nayo ni kumkamata mwandishi. Bassel Khartabil, fundi wa programu wa Syria aliyejitolea katika Wikipedia na kazi nyingine za ushirika, alikamatwa Machi 2012. Aliuawa 2015, na habari za kifo chake hazikujulikana mpaka 2017. Huko Belarus mhariri Mark Bernstein alikamatwa Machi 2022 kwa sababu ya kuhariri habari za vita vya Ukraine. Watu wa namna hii ni wachache kwa hesabu, lakini kila mhariri anayesikia habari zao hujiuliza kama sentensi moja yastahili kulipiwa hivyo.

Hali ya Kiswahili

Toleo la Kiswahili la Wikipedia, lijiitalo kamusi elezo huru, lilianzishwa 2003. Lugha yenyewe inafanana na Kichina kwa jambo moja kubwa: wasemaji wake wametawanyika katika dola nyingi. Inatofautiana nacho kwa jambo jingine, kwamba waandishi wake wa kujitolea ni wachache mno. Kundi la Kichina lilipungukiwa na maelfu likabaki hai. Katika Kiswahili, kuondoka kwa watu kumi wenye bidii huweza kuifanya ensaiklopidia nzima isimame.

Hatari zenyewe si za kudhaniwa tu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, na kukatwa huko kulidumu kama siku 20. Nchini Uganda ilikatwa kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 13 Januari 2021. Tanzania ilichukua njia nyingine. Kanuni za Machi 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa ya majadiliano katika intaneti wapate leseni, na jumla ya ada za kuanzia ilizidi shilingi 2,000,000 za Tanzania. Kampuni ya biashara huweza kulipa ada hiyo na kuirudisha kwa matangazo. Mtu wa kujitolea, aliyekuwa akiandika habari za mila za kwao baada ya saa za kazi, hana pa kuirudishia. Juni 2018 jukwaa la JamiiForums, lililokuwa miongoni mwa mabaraza makubwa kabisa ya mjadala wa Kiswahili, lilisimama kwa muda, na blogu kadhaa zikanyamaza. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, lakini somo lililobaki ni kwamba ada nayo ni ukuta.

Hasara ya mambo hayo haikomi mpakani. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa ili kusanifisha Kiswahili, ilikusanya wajumbe wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, kwa kuwa ilitambulika kwamba lugha ya wote haiwezi kupangwa na upande mmoja. Siku hizi kazi ya namna hiyo hufanyika kila siku katika kurasa za majadiliano, bila kamati wala posho. Mkenya huandika tarakilishi, Mtanzania humjibu kwamba kwao ni kompyuta. Mmoja husema rununu, mwingine simu ya mkononi. Kila mmoja huondoka akijua neno la mwenziwe. Ikiwa upande wa Tanzania utafungiwa, si Watanzania peke yao watakaopoteza. Mwandishi wa Nairobi au wa Mombasa atabaki na uhuru wake wote, lakini atakuwa amepoteza wasomaji wengi zaidi wa Kiswahili, pamoja na wasahihishaji wake bora. Kwa kupima kwa mfano wa Kichina, hapana sababu ya kutumaini kwamba ataandika zaidi ili kuziba pengo. Laelekea zaidi kwamba ataandika machache, au atageukia Kiingereza, ambacho wasomaji wake hawafungiwi kwa pamoja. Lugha changa katika intaneti huweza kupoteza waandishi kwa njia hiyo pasi na neno lake hata moja kupigwa marufuku.

Wapo wanaotafuta dawa katika nakala. Programu iitwayo Kiwix, iliyoanza 2007, humwezesha mtu kuihifadhi Wikipedia nzima ya lugha fulani katika chombo kidogo na kuisoma bila intaneti. Imesaidia shule zisizo na mawasiliano na watu waliozingirwa na udhibiti. Hiyo ni dawa njema kwa msomaji, wala haifai kubezwa. Lakini nakala husafiri upande mmoja tu. Mwanafunzi akiona humo kwamba jina la mto wa kwao limekosewa, hana njia ya kulisahihisha palepale. Nakala huyalinda maandishi yaliyokwisha kutungwa, lakini haiulindi ushirika uliyoyatunga.

Tamati

Yaliyochunguzwa yanaonyesha kwamba kazi ya kujitolea katika intaneti husimama juu ya uhusiano wa mwandishi na msomaji, na kwamba udhibiti huiumiza kazi hiyo kwa kadiri unavyoukata uhusiano huo. Serikali inayopima gharama ya amri yake hujiuliza ni raia wake wangapi watakaonyimwa kusoma. Kwa lugha inayovuka mipaka, hesabu hiyo haijakamilika mpaka waongezwe waandishi wa nchi jirani watakaoziweka kalamu zao chini kwa kukosa wa kuwaandikia. Wanaoshughulika na Kiswahili katika vyuo vya Afrika Mashariki, ambao huzitazama sera za lugha za nchi zao moja moja, wana sababu ya kuzitazama pia sheria za mawasiliano za nchi zote kwa pamoja, kwani katika sheria hizo huamuliwa ni nani atakayeendelea kuiandika lugha hiyo.